Samaki wa Bakuli: Historia Ambayo Muuzaji Hakuambii

Samaki wangu wa kwanza aliitwa Gavana na aliishi siku tisa.

Nilimwita Gavana kwa sababu kazi yake ilikuwa kufungua mdomo na kuufunga, na kila mtu aliyeingia kwa keja lazima angemwangalia. Alikuwa samaki wa dhahabu, saizi ya kidole gumba, ndani ya bakuli la mviringo la glasi juu ya meza yangu ya kusomea. Wakati huo nilikuwa nishaacha chuo, mwaka wa pili, kwa hivyo meza yenyewe haikuwa na kazi nyingine. Muuzaji aliniambia mambo matatu: mpe chakula asubuhi na jioni, mwaga maji yote yakichafuka uweke mengine, na usijali bakuli ni dogo, samaki hukua kulingana na chombo chake. Niliamini yote matatu. Nikalipa, nikapiga picha, nikaposti.

Siku ya tisa Gavana alikuwa amelala ubavu juu ya maji. Aliyemwona kwanza ni dadangu mdogo wa miaka kumi, alikuwa amekuja kutoka ushago likizo ya Aprili. Akaniuliza, "Kaka, ulimfanya nini?"

Nikamwambia sikumfanya kitu, samaki hufa tu. Akaniangalia vile mamangu huniangalia nikimwambia narudi chuo semista ijayo.

Hilo swali lilikataa kutoka kichwani. Mimi mtu akiniambia "nenda ukasome" huwa nakunja uso, lakini hii nilisoma. Nilianza nikitafuta dawa ya samaki, nikaishia kwenye historia. Na nikagundua kitu ambacho ningependa kila mtu ajue kabla hajanunua samaki wa kuweka kwa nyumba ndogo: kila samaki dukani ana mahali alipotoka, na yale maji ya kwao ndiyo yanaamua kama ataishi kwako. Sisi huchagua rangi, lakini rangi haimsaidii samaki kupumua.

Tuanze na Gavana. Watu wake ni wa Uchina.

Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, Wachina walikuwa na samaki wa kijivu wa kuliwa, wa kawaida kabisa, tuseme ndiye tilapia ya kwao. Mara moja moja alizaliwa mmoja mwekundu au wa manjano. Badala ya kuingia sufuriani, huyo aliwekwa kwenye kidimbwi, mara nyingi cha hekalu. Kufikia enzi ya ukoo wa Song, kati ya mwaka 960 na 1279, watu walikuwa wanawazalisha kwa makusudi ili wapate rangi. Baadaye, enzi ya Ming, samaki hao walihamia kwenye mitungi mikubwa ya udongo na kauri nyumbani, na mwaka 1596 bwana anayeitwa Zhang Qiande akaandika kitabu kizima kuhusu kuwafuga. Karne ya 17 wakafika Ulaya. Huko ndiko bakuli la glasi lilipata umaarufu karne iliyofuata, kama pambo la sebule ya matajiri, kando ya saa na kinara cha mishumaa.

Umeona hapo? Samaki wa kidimbwi alifanywa vase ya maua.

Samaki wa dhahabu akipata nafasi hufika sentimita 20 na zaidi. Anakula sana na anachafua maji sana. Huko Uingereza kulikuwa na mmoja anayeitwa Tish, watu walimshinda kwenye maonyesho ya mtaani mwaka 1956, na akaishi hadi 1999. Miaka 43! Wangu siku tisa. Na ile stori ya "hukua kulingana na chombo" ni kweli nusu, na hiyo nusu ni mbaya: hadumai kwa sababu ameridhika, anadumaa kwa sababu maji yanamuumiza. Bakuli pia lina mdomo mwembamba, kwa hivyo hewa inayoingia majini ni kidogo. Mwaka 2005 jiji la Roma lilipiga marufuku kabisa kufuga samaki kwenye bakuli la mviringo. Wakati huo mimi nilikuwa bado nanyonya, lakini habari ilikuwa inajulikana.

Sasa twende London, kwa sababu huko ndiko kuna jibu la swali la dadangu.

Mwaka 1850, mkemia anayeitwa Robert Warington aliwaeleza wenzake jaribio lake. Alichukua chombo cha lita 50 hivi, akaweka mchanga, mawe, mmea wa majini na samaki wadogo wawili wa dhahabu. Wazo lake lilikuwa hivi: samaki anatoa hewa chafu, mmea unaitumia na kurudisha oksijeni. Mambo yakaenda poa hadi majani yalipoanza kuoza na maji yakachafuka. Akaongeza konokono, wakala majani yaliyooza, maji yakatulia. Huyo mtu hakuwa amenunua pambo, alikuwa anajaribu kutengeneza kipande cha mto ndani ya nyumba.

Angalia hesabu yake: samaki wawili wadogo, chombo cha lita 50 hivi. Mimi nilimpa Gavana lita tatu, na hata mmea mmoja hakuwa nao.

Baada ya hapo London ikapagawa. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya Regent's Park ilifungua nyumba ya kwanza ya umma ya kutazama samaki kwenye matangi. Mwaka 1854 Philip Henry Gosse akachapisha kitabu chake kuhusu akwariamu za maji ya bahari, na ghafla kila familia yenye doh ilitaka yake. Watu walipanda treni hadi pwani na ndoo na nyundo, wakachokora viumbe kwenye miamba. Wengi wa viumbe hao walikufa njiani au sebuleni. Miaka mingi baadaye, mwaka 1907, mtoto wa Gosse aliandika kwa uchungu jinsi vile vidimbwi vya pwani alivyovijua utotoni vilivyoporwa, na akakubali kwamba vitabu vya babake vilichangia. Babake alipenda sana viumbe vya bahari, na mapenzi hayo ndiyo yaliwaleta watu na nyundo. Hiyo sehemu iliniuma kidogo.

Lakini kuna kitu Warington hakuweza kukiona. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia, na amonia huchoma mashavu anayopumulia samaki. Kwenye mto kuna bakteria wanaobadilisha amonia kuwa naitraiti, ambayo bado ni sumu, halafu wengine wanaibadilisha kuwa naitreti, ambayo samaki anaivumilia kiasi na mimea inaila. Aliyefanikiwa kuwatenga bakteria hao na kuonyesha kazi yao ni Mrusi, Sergei Winogradsky, karibu mwaka 1890. Yaani watu walifuga samaki kwenye glasi kwa miongo mingi bila kujua nani hasa anasafisha maji.

Na bakteria hawa hawaji na tangi. Wanaota polepole kwenye mchanga, mawe na sponji ya kichujio, wiki nne hadi sita hivi. Mimi nilimweka Gavana kwenye maji ya mfereji siku ile ile, na maji ya mfereji yana klorini, ambayo kazi yake ni kuua bakteria. Halafu kila baada ya siku mbili nilimwaga maji yote na kusugua bakuli hadi ling'ae. Bakteria wachache waliokuwa wanajaribu kuota, niliwaosha kwa sabuni.

Kwa hivyo, dadangu, jibu ni hilo. Nilimfanya aishi ndani ya mkojo wake, na kila mara nilipomsafishia nilimrudisha mwanzo.

Sasa swali la maana: kama una kakeja kama kangu, na nafasi ya tangi la sentimita 50 kwa 30 kwa 30, hiyo ni lita 45 likijaa, unaweka nani?

Watu wengi watakuambia beta. Kuna ukweli hapo, lakini sikiza historia yake vizuri. Beta ni wa Thailand, kwenye mashamba ya mpunga na vinamasi vya maji yasiyo na kina, yaliyojaa majani. Fikiria Mwea, lakini joto. Maji kama hayo huishiwa na oksijeni, kwa hivyo beta ana kiungo kichwani kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji. Watu wa Siam waliwafuga kwa ajili ya kupiganisha na kuwekeana dau. Karibu mwaka 1840 samaki wa mfalme wa Siam walimfikia daktari wa Denmark, Theodore Cantor, akaandika kuwahusu mwaka 1849. Jina la kisayansi tunalotumia sasa, Betta splendens, lilitolewa na Charles Tate Regan mwaka 1910. Mwaka 2019 Thailand ikamtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa.

Mnyama wa taifa zima, na sisi tunamuuza kwa kikombe cha plastiki.

Kwa sababu anavuta hewa, watu husema anaweza kuishi kwa kikombe. Hapana, anaweza kuchelewa kufa kwa kikombe, na hiyo si kuishi. Kwao maji hayana kina lakini shamba ni pana. Mpe lita 20 na kuendelea, mimea ya kujificha, na hita, kwa sababu anataka nyuzi 24 hadi 28. Nairobi ya Julai usiku haina huruma hiyo. Dume awe mmoja peke yake. Wawili watapigana, hiyo ndiyo kazi waliyozalishiwa miaka yote.

Wa pili ni gapi. Huyu ni wa Venezuela, Trinidad na visiwa vya jirani, kwenye vijito. Mjerumani Wilhelm Peters alimwandika wa kwanza mwaka 1859. Mwaka 1866 Albert Günther wa jumba la makumbusho la London, akidhani ni samaki mpya, alimpa jina la Robert John Lechmere Guppy, aliyetuma sampuli kutoka Trinidad. Jina hilo la kisayansi lilifutwa baadaye, lakini la mtaani likabaki. Halafu serikali mbalimbali zikamsambaza duniani ale viluwiluwi vya mbu. Ni mdogo, dume hafiki sentimita nne, na ni mvumilivu. Shida yake ni moja: anazaa watoto hai, na jike huweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi. Nunua jike mmoja na dume mmoja, baada ya miezi michache una kijiji. Kwa lita 45, chukua madume watano au sita pekee, utapata rangi zote bila kesi za watoto.

Wa tatu ni wale wanaouzwa kama "wa kusafisha tangi", wenye mdomo wa kunyonya glasi. Huyo mtoto wa sentimita tano ana kwao Amerika Kusini, na wengi wao hufika sentimita 30 na zaidi. Hawasafishi chochote, wananyea kuliko wote. Ukitaka msaidizi, fanya kama Warington, weka konokono.

Na samaki wa dhahabu? Kama huna lita 100 na zaidi, au kidimbwi nje, mwache. Nasema hivi nikimkumbuka Gavana.

Lakini kuna samaki mmoja sikumwona dukani, na ndiye aliyenishangaza kuliko wote, kwa sababu ni wa nyumbani.

Mwaka 1888 na 1889 Mjerumani Franz Stuhlmann alikusanya samaki Afrika Mashariki. Mwaka 1893 Georg Pfeffer wa Hamburg akawaandika, na mmoja wao, wa Zanzibar, akampa jina la yule yule Günther wa London. Leo anaitwa Nothobranchius guentheri. Ana ndugu Kenya pia. Mwaka 1907 Msweden Einar Lönnberg alimwandika Nothobranchius palmqvisti, na wafugaji wa Ulaya wana ukoo wake mmoja wanaouita Gazi. Ndiyo, Gazi ya Kwale.

Hawa samaki wanaishi kwenye madimbwi ya mvua, yale tunayoruka tusichafue viatu. Mvua ikinyesha wanaanguliwa, wanakua kwa wiki chache tu, dume anang'aa mwekundu na buluu kama kitenge, wanataga mayai kwenye tope. Jua likija dimbwi linakauka na wote wanakufa. Lakini mayai yanabaki ndani ya tope kavu, yamelala, yakisubiri mvua nyingine. Maisha yao yote ni miezi michache. Sentimita tano hivi, maji madogo, tope. Ukitafuta samaki ambaye historia yake yote ni maji madogo, ndiye huyu.

Kuna mzee Ujerumani, nina hakika, ana mayai kutoka Gazi kwa mfuko wa plastiki kabatini. Na sisi hata jina la Kiswahili la kumwita dukani hatuna.

Kabla hujabeba ndoo uende Kwale: usiende. Kumbuka watu wa nyundo wa Gosse. Dimbwi moja ni kijiji kizima, ukilivuruga umemaliza ukoo. Wanaofuga hawa huzalisha wenyewe na kupeana mayai, na hiyo ndiyo njia ya haki.

Tena sisi tuna kidonda chetu. Ziwa Victoria lilikuwa na spishi kama 500 za wale samaki wadogo Waluo huwaita fulu. Mbuta aliletwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, akalipuka miaka ya 1980, na wanasayansi wanakadiria spishi karibu 200 zilipotea. Uchafu wa maji na uvuvi vilichangia. Baadhi ya zilizookoka zilihifadhiwa kwenye matangi Ulaya na Marekani. Fikiria: samaki wa Kisumu, kitanda chake cha wagonjwa mahututi ni tangi la mgeni. Na lile gugu maji linalofunga ziwa, kwao ni Amerika Kusini, lilizunguka dunia kama ua la kupamba vidimbwi. Pambo la mtu.

Kwa hivyo ukichoka na samaki wako, usimmwage mtoni wala bwawani ukidhani unamweka huru. Mpe mtu mwingine. Na kama ulikuwa unatamani fulu wa rangi kwa tangi la lita 45, ujue wengi wao madume hulinda eneo na hupigana. Wanataka tangi kubwa. Mapenzi peke yake hayaongezi lita.

Haya, mimi nilifanya nini? Niliuza bakuli kwa mtu wa kuweka pipi. Nikachanga pesa za vidio miezi miwili, nikanunua tangi la 50 kwa 30 kwa 30, sponji ya kichujio, hita, mchanga, mimea, na dawa ya kuondoa klorini. Nikajaza maji. Nikaweka chembe za chakula cha samaki kila siku ili zioze na kuwalisha bakteria. Samaki sikuweka.

Agosti dadangu akaja. Akaweka begi chini, akaenda moja kwa moja kwa tangi, akalizunguka.

"Samaki wako wapi?"

"Bado."

"Yaani umenunua maji?"

Nikamwelezea yote, Warington, Winogradsky, amonia. Alisikiza kuliko vile mimi nilikuwa nasikiza lekcha. Kila asubuhi aliniuliza kama wako tayari na kila asubuhi nikamwambia bado. Alirudi ushago kabla wiki hazijaisha, amenuna.

Septemba nilipima maji: amonia sufuri, naitraiti sufuri. Nikanunua beta mmoja dume, mwekundu, na konokono watatu. Kila Jumapili natoa robo ya maji tu, naweka mengine yaliyotibiwa. Stima ikipotea usiku nafunika tangi na blanketi langu, na nimewahi kulala na koti kwa sababu hiyo. Wasee wa mtaa wananicheka. Wacheke tu.

Desemba dadangu alimkuta hai, miezi mitatu, anakuja mbele ya glasi ukimkaribia. Alimtazama muda mrefu bila kusema kitu. Halafu akaniuliza anaitwaje. Nikamwambia nilikuwa namsubiri yeye achague.

Akamwita Bado.